Mchanga ni wa umma, njia ni ya nani? Uzi kuhusu Pirates, Bamburi

Wadau, uzi wa wiki hii ni wa bichi. Usicheke. Najua mlitarajia nirudi kwa mada ya mgao wa kaunti, lakini tangu shule zifungwe watu wanabishana humu kuhusu nani ana haki ya kukanyaga mchanga wa Mombasa, na nusu ya wanaobishana wanataja sheria ambayo hawajaisoma. Masharti ya uzi ni yaleyale: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukimtaja kwenye majibu nitakufuta, hata kama unamsifu.

Sharti hilo limeshaniletea shida mimi mwenyewe, manake ufuo ninaotaka kuuzungumzia una jina rasmi la mwanasiasa. Kwa hivyo nitauita Pirates, kama anavyouita kila kondakta wa matatu ya barabara ya Malindi.

Kama hujawahi kufika Pirates, basi pengine wewe si wa Mombasa na hujawahi kuja Mombasa likizo. Ni Bamburi, kaskazini ya kisiwa, ukishapita Nyali. Nenda tarehe 26 Desemba. Kuna familia zimeshuka jana kutoka kwa treni, watoto wanaona bahari kwa mara ya kwanza na wanaionja kuthibitisha kama kweli ina chumvi. Kuna ngamia, kuna mipira ya gari ya kukodisha ya kuelea, kuna mabuyu na mihogo na achari ya maembe, kuna mpigapicha anayekufuata mpaka ukubali. Kuna kina mama wameingia majini na madera yao na hawana habari na mtu. Idd ni vivyo hivyo. Hakuna anayeulizwa amelala hoteli gani.

Sisi pia tulikuwa tunaenda, kila mwaka, na hadi leo tunaenda. Lakini kuna jambo nililoliona la kawaida utotoni ambalo sasa nikilifikiria linaniudhi. Nyumbani kwetu ni Bamburi hiyohiyo, upande wa juu wa barabara. Usiku kukitulia unasikia bahari. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na kijia: unavuka barabara, unapita kati ya ploti mbili chini ya mivinje, dakika kumi na tano uko kwenye maji. Babu yangu alikuwa mvuvi na alipita hapo na nyavu zake tangu ujana. Nikiwa darasa la tatu kijia kikawekwa geti. Juma lililofuata kikawekwa soja. Tangu siku hiyo, sisi tunaosikia mawimbi tukiwa kitandani tunapanda tuktuk kwenda kuyaona Pirates. Shilingi 50 kila kichwa, na tuko tisa.

Nilimuuliza baba kwa nini. Akasema, "Pana mwenyewe."

Nikauliza mwenyewe ni nani. Akasema hajui, hajawahi kumwona.

Uzi huu ni jaribio langu la kumjibu yule mtoto wa darasa la tatu. Twende.

Kwanza, mabishano yenyewe. Kila Desemba video moja inazunguka: familia imezuiwa na soja, mama anapaza sauti, mtu anarekodi. Kambi mbili zinajipanga kwenye majibu. Kambi ya kwanza inasema ufuo wote wa Kenya ni wa umma, Katiba imesema, na tena kuna mita 60 ambazo hakuna mtu anaruhusiwa kujenga. Kambi ya pili inasema hati miliki ni hati miliki, nenda Pirates kama unataka kuogelea bure, acha kusumbua wawekezaji. Halafu wagombea wanachukua maneno ya kambi moja, wanayaweka kwenye mabango, na mwaka wa uchaguzi unapita.

Kambi zote mbili zina ukweli nusu nusu. Ili kuona nusu inayokosekana lazima turudi nyuma kabla ya hoteli.

Tarehe 14 Desemba 1895, Uingereza na Sultani wa Zanzibar walikubaliana kwamba Uingereza itatawala ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani. Ukanda huo ulikuwa umekwishapimwa na Wazungu mwaka 1886, maili 10 za baharini kutoka kwenye maji kuingia bara, yaani kama kilomita 18 na nusu. Sultani akabaki na bendera yake nyekundu na kodi ya kila mwaka. Ndiyo maana hata mwaka 1920, bara ilipoitwa Koloni, pwani iliitwa Himaya. Kwenye karatasi Mombasa haikuwa ya Mwingereza. Ilikuwa imekodishwa. Nchi nzima ya mtu imekodishwa kama chumba cha Kisauni, na waliomo ndani hawakuulizwa.

Sasa, kwenye ukanda huo kulikuwa na watu wa aina nyingi wakitumia ardhi kwa namna nyingi. Kulikuwa na mashamba makubwa ya minazi na nafaka ya familia zenye uwezo, yaliyolimwa na watumwa. Kulikuwa na Wamijikenda waliokuwa wakilima, wakivua na kugema kwa utaratibu wa ukoo, ambapo ardhi haina mtu mmoja wa kuiuza. Kulikuwa na watu huru wa mjini. Kulikuwa na watoro waliojitengenezea vijiji vyao. Mwaka 1907 utumwa ukafutwa kisheria, na waliokuwa watumwa wengi wakabaki palepale walipokuwa wakilima, sasa wakiwa huru juu ya ardhi isiyo yao.

Na pwani ina jambo moja ambalo marafiki zangu wa bara huwa hawaliamini nikiwaambia: mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mnazi wangu unaweza kusimama kwenye udongo wako. Mpaka leo Mombasa tuna "nyumba bila ardhi". Nyumba ni yako, umejenga mwenyewe, unaweza hata kuiuza au kuirithisha, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Kuna watu vizazi vitatu wamo kwenye nyumba zao wenyewe na bado ni wapangaji.

Juu ya utaratibu huo wote ikaja sheria moja. Hapa ndipo naomba usome polepole, manake ukielewa mwaka huu mmoja umeelewa karibu kila hotuba ya ardhi utakayosikia Pwani.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilisema hivi: kila anayedai kumiliki ardhi ndani ya ukanda alete dai lake mbele ya afisa wa kusajili. Akithibitisha, anapewa cheti cha umiliki wa kudumu, usio na mwisho wa miaka. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai inakuwa ya Taji la Uingereza. Basi.

Inaonekana ni ya haki, si ndiyo? Kila mtu amealikwa. Lakini jiulize ni nani anaweza kuitikia mwaliko kama huo. Lazima uwe umesikia kwamba sheria ipo. Lazima ufike ofisini na ueleweke huko. Lazima uwe na karatasi, au mashahidi ambao afisa anawaheshimu, na mipaka inayoweza kupimwa. Zaidi ya yote, lazima useme "ardhi hii ni yangu mimi", kwa sababu fomu haina nafasi ya "ni ya ukoo wetu, mimi nalima hapa mvua hii na ndugu yangu atalima mvua ijayo". Waliokuwa na mashamba ya kibinafsi na wakizijua ofisi walitoka na vyeti. Wamijikenda wengi hawakuleta dai lolote, na serikali yenyewe iliwahesabu kuwa ni watu wa nyuma ya ukanda, si wa ndani yake. Waliokuwa watumwa walikuwa na nini cha kudai? Jembe?

Kwa hiyo neno "skwota" tunalolitumia ovyo ovyo halikumaanisha mtu aliyevamia ardhi ya mwenzake. Mara nyingi lilimaanisha mtu aliyekuwa hapo kabla cheti hakijaandikwa, ambaye siku moja ardhi ilibadilika chini ya miguu yake bila yeye kuhama.

Mwalimu wetu mmoja chuoni anapenda kusema sheria ya 1908 haikumnyang'anya mtu, ilisajili tu. Nimejibizana naye darasani mara mbili na nimepoteza mara mbili, lakini bado sikubali. Kusajili nusu ya watu na kuita nusu nyingine "hakuna aliyedai" ni kunyang'anya kwa utaratibu.

Haya. Turudi kwenye mchanga.

Mwanzoni ufuo haukuwa mali ya maana. Huwezi kulima mchanga. Mwenye shamba la minazi alijali minazi, na chini ya minazi wavuvi walipita, wakatengeneza mitumbwi, wakaanika samaki kwenye madiko yao. Thamani ilikuja na watu waliotaka kulala karibu na bahari bila kufanya kazi yoyote ndani yake. Reli ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na walowezi wa bara wakapata njia rahisi ya kushuka pwani kupumzika. Malindi ikapata hoteli zake miaka ya 1930. Kwetu, daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931, likaunganisha kisiwa na kaskazini, na mwaka 1946 Nyali Beach Hotel ikafunguliwa. Likizo ya familia ufuoni, kama tunavyoijua leo, ilianza hapa ikiwa likizo ya familia za Wazungu. Mwafrika aliingia kwenye hoteli za namna hiyo akiwa mpishi, dobi au mtunza bustani. Babu yangu alikuwa akiuza samaki kwenye mlango wa nyuma wa hoteli moja, na hadithi zake zote za hoteli ni hadithi za jikoni.

Kitu ambacho hakikuthaminiwa mwaka 1908 kikawa ndicho kitu cha bei kuliko vyote. Mwenye cheti cha shamba lililoshuka mpaka kwenye maji akajikuta ana dhahabu. Akauza, au wajukuu zake wakauza, na ploti zikakatwa ndefu na nyembamba, kila moja ikipata kipande chake cha mbele ya bahari. Angalia ramani ya Bamburi au Shanzu kutoka angani utaona: kama meno ya kitana. Kila jino lina geti barabarani. Kati ya jino na jino hapana nafasi ya kupita.

Halafu uhuru. Watu wengi hawajui kwamba Pwani iliingia Kenya kwa mkataba wake. Tarehe 8 Oktoba 1963, London, Sultani aliachia mamlaka yake juu ya ukanda ili uwe sehemu ya Kenya huru. Kabla ya hapo kulikuwa na mabishano makali, wengine wakitaka mwambao ujitawale wenyewe. Ili kutuliza hofu, waziri mkuu wa Kenya na wa Zanzibar waliandikiana barua za ahadi. Ahadi zinazokumbukwa ni za Makadhi na dini. Lakini kuna moja ya ardhi, na ndiyo iliyo kwenye geti la kijia chetu: kwamba hati za umiliki wa kudumu zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa wakati wote, na serikali ikihitaji ardhi hiyo kwa matumizi ya umma italipa fidia kamili na ya haraka.

Soma tena. Bendera ilibadilika, wimbo ukabadilika, cheti cha 1908 hakikubadilika. Sisemi waliotia saini walikuwa wabaya. Walikuwa wanajaribu kuzuia nchi isipasuke wiki chache kabla ya uhuru, na wenye vyeti nao walikuwa watu wa Pwani wenye hofu ya kweli. Lakini walioachwa nje mwaka 1908 hawakuwa na barua ya ahadi kutoka kwa mtu yeyote.

Na ile ardhi ambayo "hakuna aliyeidai"? Ilitoka kwa Taji ikaenda kwa serikali mpya. Hapo ndipo ploti za ufuoni zikaanza kugawanywa kama peremende. Sitaji majina, mnajua masharti, na kusema kweli majina yangejaza uzi bila kumsaidia mtu. Tume iliyoundwa 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma ilitoa ripoti mwaka uliofuata, Wakenya wanaiita Ripoti ya Ndung'u, na ilisema wazi kwamba ardhi ya umma nchini iligeuzwa kuwa zawadi ya kisiasa. Itafute uisome. Ni ndefu na inachosha, na ni moja ya maandishi ya maana zaidi yaliyowahi kuandikwa na serikali kuhusu serikali.

Sasa tunaweza kuzirudia kambi zetu mbili tukiwa na akili timamu.

Kambi ya mita 60: mnaitoa wapi hiyo namba? Inatoka kwenye kanuni za Sheria ya Upimaji, kanuni ya 110. Inasema kwamba pale ambapo ardhi ya serikali ambayo bado haijagawiwa, iliyo mbele ya bahari, inapopimwa ili igawiwe, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa utatengwa kwa matumizi ya serikali. Yaangalie maneno. "Ardhi ya serikali ambayo bado haijagawiwa." Haihusu shamba lililopata cheti cha kudumu chini ya sheria ya 1908. Huko hakuna mita 60, hakukuwahi kuwa nazo. Na "kwa kawaida" nalo ni neno zito, kwa sababu kanuni hiyohiyo inamruhusu waziri kupunguza upana huo pale maendeleo yanapohitaji. Kwa hiyo mkimwambia mwenye hoteli "mita 60!" na yeye akatoa cheti cha zamani, mtaonekana wajinga, na video itazunguka upande mwingine. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika humu kwamba mita 60 ni za ufuo wote. Nilikosea. Chapisho lile bado lipo, sikulifuta.

Kilicho cha uhakika ni Katiba ya 2010. Ibara ya 62 inasema ardhi yote kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba yetu na kusimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi. Hiyo haina "kwa kawaida". Mchanga ambao bahari huufunika na kuufunua ni wako, uwe umelala hoteli au umelala Mshomoroni.

Lakini hebu tuifikirie hiyo zawadi kama watu waliokulia baharini. Ardhi kati ya maji kujaa na maji kupwa. Yaani ardhi ambayo iko chini ya maji mara mbili kila siku! Mombasa siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 kwenda juu. Agosti iliyopita mimi na rafiki yangu tulitembea kutoka Pirates kuelekea kaskazini wakati wa bamvua, saa ya maji kujaa, tukihesabu hatua kati ya maji na kuta za ploti za watu. Sehemu moja tulipata hatua sita. Sehemu nyingine tatu. Sehemu mbili hatukupata hata moja, mawimbi yalikuwa yanapiga ukuta, na tulipita tukiwa tumeshika viatu mkononi na maji magotini. Kikatiba tulikuwa kwenye ardhi yetu. Saa sita baadaye palepale pangekuwa na uwanja wa mpira.

Na sisi tuliingilia Pirates, ambako hakuna geti. Ukiwa kijijini kwetu, umetenganishwa na ardhi yako ya umma kwa mita mia mbili za ardhi ya mtu binafsi. Katiba imekupa chumba, haijakupa mlango. Hilo ndilo jambo ambalo kambi ya kwanza haisemi, na kambi ya pili inalijua vizuri sana.

Kambi ya pili nao tuwasikilize, kwa sababu si wote ni matajiri wenye roho mbaya. Hoteli zinaajiri. Nusu ya darasa langu la msingi walilipiwa karo na mishahara ya hoteli au na biashara inayozunguka hoteli. Wizi ufuoni upo, mgeni akiibiwa simu ni habari ya nje wiki nzima, na mwenye hoteli anawajibika. Na yule soja wa geti letu, niwaambie ukweli, ni jirani yetu. Tunamwita Mjomba. Jioni anatoka kazini anavua sare anakuja kuangalia mpira kwetu. Bibi aliwahi kumuuliza mbele yetu sote, "Mwanangu, mimi unanizuia nisiende kuokota kuni za pwani, wewe ukitoka kazini unapita wapi?" Mjomba akacheka, akasema hata yeye akivua sare hapiti.

Kwa hiyo ukimrekodi soja na kumtukana unamtukana mtu ambaye naye amefungiwa. Mwenye uamuzi hayuko getini.

Jambo la mwisho, ndilo lililonifanya niandike. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2009 ilikubali kwamba sheria ya 1908 iliacha madai ya kihistoria ambayo yanahitaji kushughulikiwa. Tukapata Katiba, tukapata Tume ya Ardhi, na mwaka 2016 sheria ikaweka utaratibu wa kuwasilisha madai ya dhuluma za kihistoria. Utaratibu huo ulikuja na muda: miaka 5. Uwe umesikia kwamba sheria ipo. Ufike ofisini. Uwe na karatasi. Inafanana na nini? Nilimuuliza Bibi kama kuna mtu aliyewahi kufika kijijini kuwaeleza kuhusu hilo. Akasema walikuja watu wa sensa, na walikuja watu wa vyandarua.

Lakini kuna mlango mwingine, na sielewi kwa nini hakuna mgombea anayeuweka kwenye manifesto. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki ya njia ya jamii. Serikali ya kaunti, au chama, au hata kundi lolote la watu, wanaweza kuomba kwa Tume ya Ardhi njia ya umma ipite kwenye ardhi ya mtu binafsi. Hati yake inabaki yake. Hoteli inabaki. Ahadi ya 1963 haivunjwi, manake fidia ipo kwenye sheria. Kinachotafutwa ni upana wa mtu mwenye wavu begani na mtoto mkononi.

Kwa hiyo msimu huu wa kampeni mgombea akija kwenu akapaza sauti kwamba atarudisha fuo zote kwa wananchi, mpigie makofi kama unataka, kisha umuulize maswali ya kuchosha. Kaunti imewahi kuomba njia ngapi za jamii kwenda baharini? Zipi, na ziko wapi kwenye ramani? Madiko ya wavuvi ni mangapi yamesajiliwa kuwa ya umma, na mangapi yapo kwa hisani ya jirani? Ploti ipi ya ufuoni ilitokana na cheti cha zamani na ipi iligawiwa na serikali baada ya uhuru? Hilo la mwisho ni muhimu sana, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Cheti cha zamani unakizunguka kwa njia na fidia. Iliyogawiwa kiharamu, Katiba yenyewe, ibara ya 40, inasema ulinzi wa mali hauifikii ikithibitika ilipatikana kinyume cha sheria. Anayechanganya hizo mbili kwenye hotuba moja hajui, au anajua na anatumaini wewe hujui.

Kijijini tumeanza kuandika ombi letu. Tuko majirani kumi na wanne mpaka sasa. Tatizo la kwanza lilikuwa kuchora kijia kilipokuwa, manake kimeshaota majani na sehemu moja kuna tangi la maji. Wazee wawili walibishana nusu saa kama kilipita kushoto au kulia kwa mbuyu. Bibi ndiye aliyemaliza, alikumbuka siku alipojikwaa hapo na ndoo ya dagaa. Mjomba amesema hawezi kutia saini akiwa bado na kazi, lakini alikaa mpaka mwisho wa mkutano na ndiye aliyetuletea kamba ya kupimia.

Babu hayuko tena kushuhudia. Wavu wake bado unaning'inia nyuma ya nyumba.

Tarehe 26 tutakuwa Pirates kama kawaida, tuko tisa, shilingi 50 kila kichwa kwenda, na kurudi jioni tuktuk zinapandisha. Mkituona mtusalimie. Kama kuna mtu kutoka Shanzu, Kikambala au Diani ambaye kijiji chenu kimewahi kuomba njia ya jamii na kikapata au kikanyimwa, niandikie, nataka kuona fomu yenu mliijazaje. Maswali mengine nitajibu kesho usiku, asubuhi nina mtihani.